Shimesikio na simu: namna ya kuvipatanisha

Masika fulani mama yangu alikuwa anauza ndizi kwa mteja wa Arusha, mazungumzo yote kwa simu. Mteja akasema atatoa elfu tisini. Mama akasikia elfu sitini, akamwambia kama anataka kuiba aje aibe mchana, akakata. Mteja akanunua kwingine. Jioni mama alipita kibandani kwangu, jirani na stendi ya Moshi ninakotengeneza simu, akavua kimashine chake cha sikioni kinachomsaidia kusikia, akakiweka mezani katikati ya bisibisi zangu na simu pembeni yake. "Kimoja kati ya hivi kimekufa," akasema. "Tafuta ni kipi."

Hakuna kilichokuwa kimekufa. Alikuwa anaishika simu kama zamani, spika ikitazama tundu la sikio. Waliompa kifaa walimweleza betri na usafi, wakasahau kumwambia kwamba tundu lile sasa limezibwa, na sikio analosikilizia limehamia juu, nyuma kidogo.

Tangu siku ile wanaokuja na malalamiko ya aina hiyo nawapitisha kwenye utaratibu mmoja: naanza na kisichogharimu hata vocha, vya gharama vinakuja mwisho. Walimu wa elimu maalumu wanakiita kifaa hiki shimesikio. Mama anakiita kimashine. Nitachanganya.

Tisini na sitini

Tuanze na zile elfu thelathini zilizompotea mama, kwa sababu zinaeleza mengi. Yatamke maneno hayo mawili polepole. Irabu zake ni zilezile, i tatu. Kinachoyatenganisha ni s na t kubadilishana nafasi. Sita na tisa vivyo hivyo. Irabu zina nguvu na sauti yake ni nzito. S na t ni mchakacho mwembamba wa juu. Masikio yanapochoka kwa umri au kwa kelele, mara nyingi sauti hizo nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Ndiyo maana wazee wengi husema "nakusikia, ila sikuelewi." Wanasema kweli tupu.

Simu nayo inaongeza chumvi kwenye kidonda. Simu ya kawaida ya mtandao wa zamani hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba), na sehemu kubwa ya herufi s iko juu ya hapo. Hata mwenye masikio mazima huipata s imenyofolewa, ila ubongo wake unajazia. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mzee au fundi wake wa kifaa, jua kwamba mrija wenyewe ni mwembamba.

Dawa ya tarakimu ni ya kienyeji na inafanya kazi: usikubali namba nzima. Mwambie mwenzako, "Nisomee moja moja," kisha wewe umrudishie. "Tisa, sifuri, halafu sifuri tatu?" Bado una wasiwasi kati ya sita na tisa? Muulize kama ni ile inayofuata tano au ile inayotangulia kumi. Na ikihusu pesa, aandike ujumbe. Mama sasa hapakii mkungu hata mmoja kwenye gari kabla bei haijaingia kwa maandishi.

Sikio la kifaa liko wapi

Vaa kifaa, kiwashe, kisha pitisha ncha ya kidole taratibu juu yake. Mahali utakaposikia mkwaruzo mkubwa ndipo maiki ilipo. Kwa kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, maiki ziko juu, karibu na pale mkono wa miwani unapolalia. Kwa kile kidogo kinachoingia chote sikioni, maiki iko usoni mwake, mlangoni mwa sikio, na wewe huna haja ya kubadili sana ulivyozoea.

Sasa itazame simu. Spika ya kuongelea ni ule ufa mwembamba juu ya kioo. Ufa huo ndio unaotakiwa kuitazama maiki. Ipandishe simu vidole viwili au vitatu kuliko ulivyozoea, ilaze nyuma kidogo, kisha isogeze kidogo kidogo mpaka sauti ifunguke. Siku za kwanza utajiona kama unaongea kwa kisogo. Utazoea.

Usiikandamize. Ukiibana sana, sauti inayotoka kwenye kifaa inagonga simu na kuingia tena kwenye maiki, inakuzwa upya, inarudi, na hapo ndipo mluzi unapoanza. Acha nafasi ya kidole kimoja. Kama mluzi unapiga hata simu ikiwa mfukoni, tatizo liko kwingine: kile kipande laini kinachoingia sikioni kimelegea au hakijakaa vizuri, kimrija kimepasuka, au sikio limejaa nta. Nta haitolewi kwa njiti ya kiberiti wala kwa ufunguo. Inatolewa hospitali.

Wapi pa kujifunzia? Piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, sikiliza ile sauti iliyorekodiwa inayokutajia bonyeza moja, bonyeza mbili. Haichoki, haikasiriki, na maneno yake hayabadiliki, hivyo unajua kabisa ulichopaswa kusikia.

Na kwa simu za watu, tumia salamu. Vijana wa siku hizi wanaingia kwenye hoja bila hodi, lakini kwa mwenye shimesikio salamu ni kipimo. "Shikamoo," "habari za huko," "watoto hawajambo," "mvua zimenyesha?" Maneno hayo unayajua kabla hayajasemwa. Wakati mwenzako anayasema, wewe unasogeza simu: juu, nyuma, hapo. Mkimaliza kuulizana hali, simu imeshapata mahali pake, na hoja inaingia kwenye sikio lililo tayari. Wanaompigia mama nimewaomba wasimkatie salamu.

Kabla ya yote, safisha simu

Hili nalisema kama fundi. Simu nyingi zinazoletwa kwangu kwamba "hazisikiki" zina uchafu tu. Kile kiwavu cha spika ya juu kinashika vumbi, jasho, unga, mafuta ya nywele. Chukua mswaki laini mkavu, pigapiga taratibu simu ikiwa imeinamishwa, uchafu udondoke nje. Usitie maji, usichokoe kwa sindano. Halafu tazama kioo cha kinga ulichobandikiwa: kama kimeufunika ufa wa spika hata nusu, kibandue. Mwishowe, ukiwa katikati ya mazungumzo, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Watu wengi huongeza sauti wakiwa hawajapiga, wakapandisha ya mlio na muziki, ya maongezi ikabaki palepale.

Ule mlio wa bzzz

Kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio anaujua: titi-ti-titi-ti, halafu simu inaita. Mlio huohuo unaweza kuingia kwenye shimesikio, tena ndani ya sikio, na wenye vifaa hudhani kimashine kimeharibika. Mtandao wa 2G hausukumi mawimbi kwa mfululizo. Unayasukuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na simu inaweza kutoa hadi wati 2 katika kila kipande. Nyaya ndogo za kifaa zinayanasa na kuyageuza mlio. Simu ya 4G hutoa wati 0.2 hivi kwa wingi wake, na haipigi vipande kwa mtindo ule, ndiyo maana usumbufu hupungua sana.

La kufanya: ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, chagua 4G. Hapo kuna mtego ambao hata mafundi wenzangu wanausahau. Simu inaweza kuonyesha 4G ukiwa unaangalia picha, lakini ukipiga ikashuka 3G au 2G, kwa sababu huduma ya kuongea juu ya 4G, inayoandikwa VoLTE, haijawashwa au laini yako haina. Tazama juu ya kioo wakati unaongea, siyo kabla. Ikiwa 4G inapotea na mlio unaanza, tafuta VoLTE kwenye mipangilio ya laini uiwashe. Isipokuwepo, piga kwa WhatsApp ukiwa na bando, maana maongezi yake yanapita kwenye intaneti na yanabaki 4G. Faida ya pili, VoLTE na WhatsApp zote hubeba sauti pana kuliko simu ya kawaida, na ile s iliyonyofolewa inarudi kwa sehemu.

Nguvu ya mnara nayo ina kazi. Simu ikiwa mbali na mnara hupiga kelele ili isikike, yaani huongeza nguvu, na mlio unaongezeka. Nyumbani kwetu mgombani, bondeni, ndani ya nyumba ya tofali, vijiti vya mtandao ni viwili kwa kubahatisha. Mama akitoka uani mpaka penye mwinuko wa zizi, bzzz inapungua hapohapo.

Kitochi? Vingi ni vya 2G, hakuna mpangilio wa kuchagua. Vipo vya 4G, lakini uliza na ujaribu kabla ya kulipa.

Laudispika, na hedifoni kubwa

Njia ya haraka kuliko zote ni laudispika. Weka simu mezani, umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwako, kifaa kiwe kwenye hali yake ya kawaida. Simu ikiwa mbali na sikio, mluzi haupo na bzzz inapungua mno, na mwenye vifaa viwili anasikia kwa masikio yote. Kasoro yake unaijua: soko zima la Mbuyuni litajua mkwe wako anadaiwa. Usitaje namba ya siri kwenye laudispika. Wala usimtajie mtu yeyote, kwa laudispika au kwa kunong'ona.

Hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima hufaa kwa vifaa vingi: unavivalisha juu ya shimesikio, spika inaitazama maiki, na kelele za nje zinapungua. Zile ndogo za kuchomeka sikioni zinakulazimisha uvue kifaa, na hapo umerudi ulikotoka.

Herufi T

Baadhi ya vifaa vina kiswichi chenye M na T, vingine vina kitufe cha kubadili programu. M ni maiki. T ni koili ndogo ya waya ndani ya kifaa inayonasa sumaku badala ya sauti. Spika ya simu hufanya kazi kwa sumaku, hivyo kwenye T kifaa kinachukua maongezi moja kwa moja na kuiacha kelele ya soko nje. Kwa mtu anayefanya biashara penye fujo, hii ni hazina, na ajabu ni kwamba wengi wanatembea nayo sikioni bila kujua. Mara nyingi haijawashwa. Muulize aliyekupimia: "Kifaa changu kina T? Niwashie."

Ukishaiwasha, weka simu sikioni na uizungushe taratibu kama unayetafuta stesheni kwenye redio, maana sumaku ina mahali inapokolea. Kwenye simu nyingi za Android, fungua programu ya kupigia, ingia mipangilio yake, tafuta sehemu ya ufikivu (Accessibility) inayotaja vifaa vya kusikia, washa. Ukiona boksi la simu lina alama kama M3/T3 au M4/T4, hiyo ni daraja ya Marekani: M ni jinsi simu inavyosikika bila usumbufu kupitia maiki, T ni kupitia koili. Tatu inafaa, nne ni bora zaidi.

Kipo pia kitanzi cha kuvaa shingoni kinachochomekwa kwenye simu. Kinapeleka sumaku hadi kwenye vifaa vyote viwili na mikono inabaki huru.

Tahadhari mbili. T inanasa sumaku yoyote, kwa hiyo karibu na taa za tyubu au transfoma utasikia mvumo. Na ukimaliza kuongea rudi kwenye M. Mama aliwahi kukaa nusu siku kwenye T, akawa hamsikii mtu yeyote sokoni, akabadilisha betri mbili nzima kabla hajanipigia. Na alipopiga, alinisikia vizuri sana.

Bluetooth: uliza lugha kwanza

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Mtu anaona kifaa kina Bluetooth, simu ina Bluetooth, anadhani vitaelewana. Havielewani mpaka viwe na lugha moja. iPhone ina yake, na inafanya kazi kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake, kuanzia iPhone 5. Android ina inayoitwa ASHA, ambayo Google waliitangaza 2018 na ikaingia Android 10, ila mtengenezaji wa simu anaweza kuiacha, hivyo namba ya Android peke yake haikuhakikishii. Mpya kuliko zote ni LE Audio, iliyotangazwa 2020 na kupokewa na Android 13. Halafu vipo vifaa vichache, kama Phonak Marvel ya 2018, vinavyotumia Bluetooth ya kawaida na vinaongea hata na kitochi chenye Bluetooth.

Kwa hiyo, anza na kifaa ulicho nacho. Soma jina na modeli, tafuta kwenye tovuti ya watengenezaji orodha ya simu zinazokubaliana nacho, ndipo uende dukani. Ukinunua simu kwanza unacheza bahati nasibu.

Kuunganisha kwenyewe ni dakika chache. Fungua mlango wa betri wa kifaa, ufunge; cha kuchaji, kizime na kukiwasha. Hapo kinakuwa tayari kutafutwa kwa muda mfupi, basi usiende kupika chai kwanza. Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, tafuta vifaa vya kusikia, ongeza kipya. Kwenye iPhone maandishi ni Accessibility, kisha Hearing Devices. Jina likijitokeza liguse, ukubali. Ukiwa na vifaa viwili huenda ukaulizwa mara mbili.

Mara nyingi sauti inaingia masikioni kupitia kifaa, lakini sauti yako inatoka kupitia maiki ya simu. Ukiiacha simu mfukoni mwenzako atakusikia kama uko kisimani. Ishike mbele ya kifua. Vilevile Bluetooth hula betri. Betri za zinki unazijua kwa rangi ya kibandiko: njano ni saizi ya 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Bandua kibandiko, subiri dakika chache hewa iingie, ndipo uitie. Kubandika tena hakuirudishi nyuma, ikishaanza imeanza.

Neno kuhusu vifaa vya mtumba vinavyoletwa na ndugu kutoka Ulaya. Shimesikio hupangwa kwa masikio ya mtu mmoja, kama miwani. Cha shangazi aliyefariki Ujerumani kinaweza kuwa dhaifu mno kwako au kikali mno, na kikali mno kinaumiza. Kipelekwe kwa mtaalamu akipange upya.

Simu ikishindikana, soma

Sioni aibu katika hili na mama haoni. Mwombe mtu akutumie ujumbe wa sauti badala ya kupiga: unaweza kuurudia mara sita, au tisa. Ipo pia Live Transcribe ya Google, iliyotoka 2019, inayoandika maneno kwenye kioo wakati mtu anaongea. Inaelewa Kiswahili. Ukiwa na simu mbili, moja iweke laudispika na nyingine iandike pembeni. Mtu akianza kuchanganya Kichaga, maandishi yanakuwa vichekesho, lakini siku, saa na majina ya vijiji unayapata.

Mlio wa simu inayoita chagua mzito, wa ngoma au besi, usichague kengele nyembamba. Washa mtetemo. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuwasha tochi simu inapoita. Kwa mtu aliyelala bila kifaa ni msaada mkubwa.

Matapeli wanaopiga wakijifanya wa mtandao wanapenda mtu anayeitikia "ndiyo" bila kusikia vizuri. Kwa simu ya mtu usiyemjua inayohusu pesa, jibu liwe moja: "Sisikii, andika." Ujumbe wa kitapeli peleka 15040.

Siku ya kwenda kliniki

Kwa huku Kilimanjaro wengi hupelekwa hospitali ya KCMC, kwenye idara ya masikio, pua na koo. Ukienda kupimwa au kupangiwa kifaa, nenda na simu yako, na ndugu mmoja mwenye simu yenye salio. Kifaa kikishawekwa sikioni, ndugu atoke hadi uwanjani akupigie palepale mtaalamu akiwa anakutazama. Mweleze unachosikia kwa maneno: mluzi, mvumo, bzzz, sauti ya ndani ya debe. Hayo anaweza kuyarekebisha kwa kompyuta yake ukiwa umekaa mbele yake, na anaweza kukuwekea programu ya simu peke yake. Ukiyakumbuka ukiwa umeshafika Kibosho, ni nauli nyingine.

Na ikiwa sikio moja limezimika ghafla, usiku limelala zima na asubuhi halipo, usihangaike na simu wala betri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana matibabu yake yanahesabiwa kwa siku.

Mama siku yake ya mwisho kliniki alinitoa nje nimpigie kutoka chini ya mti. Nikamtajia namba kumi, akazirudisha zote. Kwenye ya tisa alinyamaza kidogo, akauliza: "Hiyo ni ile inayofuata tano?"